Ushuhuda Uliochumwa Mbichi: kisa cha kijana mmoja wa maskani, Mombasa

Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea katika kanisa dogo la Kiprotestanti kisiwani Mombasa, ambako nilikuwa mratibu wa huduma ya mitaani ya kuwapelekea uji watumiaji wa heroini. Majina sikuyaweka, mitaa nimeichanganya, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyageuza ili mtu asitambulike. Mhusika mwenyewe nilimsomea yote kabla ya kuyatoa. Aliniambia nikate sehemu mbili, nikakata. Hapa nitamwita Fundi, maana ndivyo alivyokuwa hata siku ambazo mkono haukuweza kushika bisibisi.

Makanisa yanayotaka kuanza kazi kama yetu hunijia yakiuliza flaski ya lita ngapi inatosha, na unga wa wimbi wanunue wapi. Maswali hayo hujibiwa kwa dakika mbili. Lililotushinda sisi halikuwa jikoni, lilikuwa kwenye mimbari.

Usuli

Heroini, ambayo hapa huitwa unga, imekuwa pwani yetu kwa miongo kadhaa. Zamani wengi waliivuta, wakiichanganya na bangi kwenye msokoto mmoja. Sindano ilikuja baadaye. Anayeitumia huitwa teja. Kwenye timu tulikubaliana tusilitumie neno hilo, ingawa wenyewe huitana hivyo huku wakicheka.

Maskani, yaani kijiwe cha watumiaji, tuliyoiendea ilikuwa nyuma ya ghala lililofungwa, si mbali na soko. Asubuhi ungewakuta watu kati ya thelathini na hamsini. Wengine walikuwa wameokota vyuma usiku, wakingoja mnunuzi wa skrepu afungue. Wengine hubeba mizigo sokoni au kuosha matatu. Pesa ikipatikana, kete ya unga kwanza, chakula baadaye. Wengi ni watoto wa nyumba za Kiislamu za hapa hapa mjini, wenye mama na wajomba mitaa miwili tu kutoka pale wanapolala. Wachache ni watu wa bara waliokuja kutafuta kibarua bandarini.

Jambo hilo, kwamba wengi wana nyumba na nyumba hizo ni za Kiislamu, tulilijua tangu siku ya kwanza, ila tulilichukua kama habari ya pembeni.

Timu ilikuwa ya watu sita: muuguzi mstaafu ambaye sote tunamwita Sista, mwalimu wa msingi, dereva wa tuktuk, vijana wawili wa kwaya, na mimi. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi tulifika na flaski ya lita ishirini, mikate na maji. Mpango wa mwanzo ulikuwa wimbo, neno la dakika kumi na tano, maombi, kisha uji.

Wiki ya tatu tuliubadilisha, na aliyetubadilishia ni mzee mmoja wa maskani aliyekuwa na arosto. Asiyewahi kuiona arosto ajue ni kitu gani: unga ukianza kuisha mwilini, saa sita au kumi na mbili tangu mara ya mwisho, mtu hupiga miayo isiyokoma, pua na macho humwagika, vinyweleo husimama, tumbo humkata na kuhara humfika. Yule mzee alimsikiliza mwalimu wetu kwa adabu, mikono ameikunja tumboni, kisha akasema: “Mama, neno ni zuri. Lakini tumbo haliniachi nilisikie.”

Basi uji ukawa wa kwanza. Na baada ya mwezi mahubiri pia tukayaondoa, tukaweka benchi moja pembeni, anayetaka kuzungumza au kuombewa akae pale. Mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba tunageuka shirika. Nakiri kwamba sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilimwambia tu aje Jumamosi. Hakuja.

Waliokuja ni mzee wa mtaa na imamu wa msikiti wa karibu. Imamu alituamkua vizuri, akaitazama foleni, akauliza swali moja: “Mnalisha, au mnabatiza?” Tukamjibu kwamba tunalisha. Akasema vyema, akaenda zake. Neno hilo tulimpa kwa midomo yetu. Liwekeni akilini.

Fundi

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Alisoma hadi darasa la nane na madrasa, akafunzwa kazi na mjomba wake aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio na feni. Unga alikuwa nao kwa miaka minane, mitatu ya mwisho kwa sindano. Mama yake huamka saa tisa za usiku kukanda unga wa ngano na kukaanga mahamri, ambayo huuza na mbaazi kabla jua halijachomoza. Kaka yake ana tuktuk.

Tulimfahamu kwa sababu ya mfereji wa flaski. Ulikuwa unavuja, uji unatiririka chini, nami nilishasema tutanunua flaski nyingine. Akatoka kwenye foleni, akapinda shingo kuutazama. “Hii si ya kutupa, Mama. Nitafutieni tyubu ya baiskeli.” Kijana wa kwaya akaipata kwa fundi baiskeli ng'ambo ya barabara. Fundi akachana kipande chembamba kwa wembe, na mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba Sista alitaka kumshikia. Alikataa. Aliuzungusha ule mpira mara nne, kila mzunguko akiuvuta kwa meno, akafunga fundo, akafungulia mfereji, akaufunga. Halikudondoka hata tone. Kisha akarudi mwisho wa foleni, maana nafasi yake ilishachukuliwa.

Yaliyotokea

Kwa miezi minne Fundi alikuja kila Jumamosi. Mwezi wa tano akakaa kwenye lile benchi la pembeni, akasema amechoka. Hakusema anataka kuokoka, wala sikumuuliza. Alisema amechoka kuamka.

Nilipeleka habari kanisani, na kanisa likafurahi kupita kiasi. Huyu alikuwa mtu wetu wa kwanza. Mchungaji akatangaza harambee Jumapili ile ile, ikapatikana pesa ya miezi miwili katika rihabu, kituo cha kuwasaidia watu kuacha unga, ya kulala huko bara. Kabla ya kwenda tulimwambia mama yake, kwa haraka, mlangoni, tukiwa wawili. Alitushukuru. Alitufungia mahamri kumi kwenye gazeti kwa ajili ya safari.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kama zinavyokuwa kwa kila mtu: ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na wiki ikipita mwili hutulia. Wiki ya nne alinipigia simu ya ofisi ya pale akaniambia amelala usiku kucha. Nililia. Yawezekana machozi yale ndiyo yaliyotuziba macho sote.

Wiki ya saba mchungaji aliomba aruhusiwe kuja Jumapili moja, ili waumini waliotoa pesa wamwone. Sista alisema ni mapema. Mimi nilisema hakuna ubaya. Nimeliandika hilo hapa kwa sababu kwenye mkutano wa baadaye kila mtu alikumbuka kwamba yeye alisita.

Akaja na shati jeupe la kuazima. Akasimama mbele ya watu kama mia mbili, akashukuru kwa sentensi tatu. Alitaka kushuka. Mchungaji, kwa furaha yake, akamshika bega na kumuuliza kwenye kipaza sauti: “Je, umempokea Yesu kuwa Bwana na mwokozi wako?” Fundi akanyamaza kidogo. Akasema ndiyo. Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Kuna aliyerekodi. Kufikia jioni video ilikuwa kwenye WhatsApp, imeandikwa maneno juu yake kwamba mtumwa wa unga sasa ni mtoto wa Mungu. Jumatatu usiku ilikuwa imefika kwenye kichochoro cha mama yake. Mjini kwetu watu wanajuana hivyo. Waliomtumia mjomba wake walikuwa watu watatu tofauti.

Wiki ya tisa pesa ikaisha, Fundi akarudi. Kwa mama hakuweza kwenda. Mama mwenyewe hakufunga mlango, ila mjomba alikuwa amesema lake, na nyumba ni ya mjomba. Tukamlaza kwenye stoo ya viti ya kanisa. Alikaa siku nne kati ya viti vya plastiki na ngoma za kwaya, bila kazi ya kufanya mchana kutwa, watu wakipita kumpongeza. Siku ya tano hakuonekana.

Usiku huo, maskani, alijidunga kiasi kile kile alichozoea kabla ya kwenda bara. Wenzake walimwona midomo inageuka rangi na pumzi zinachelewa. Wakamwagia maji, wakampiga makofi, na mmoja, ambaye alikuwa amemsikia Sista akisema mambo haya huku akigawa mikate, akapiga kelele kwamba maji hayasaidii, apelekwe hospitali. Wakambeba kwa mkokoteni wa sokoni hadi barabarani. Hospitalini akapewa naloksoni, dawa inayouondoa unga kwenye vipokezi vya ubongo kwa muda, na pumzi ikarudi.

Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani. Nilimuuliza, kwa upole wote niliokuwa nao, kwa nini hakutuambia mapema kwamba kile alichokisema madhabahuni hakikuwa moyoni. Akanitazama kwa muda.

“Mama, mtu amekulipia miezi miwili. Anakuuliza swali mbele ya watu mia mbili. Wewe ungesema nini?”

Maamuzi yaliyofuata, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwenda kwa mama yake, na safari hii si mlangoni. Tulikwenda mimi, Sista na mama mmoja mzee wa kanisa letu. Tulipiga hodi baada ya asri. Alitukaribisha kwenye mkeka, akaendelea kupepeta unga kwa ajili ya usiku. Hakusema kitu mpaka ungo ukaisha.

“Mlimchukua mgonjwa,” alisema. “Mkanirudishia mgonjwa yule yule, na aibu juu yake.”

Hatukujitetea. Sista aliweka mkono juu ya mkono wake wenye unga, tukakaa hivyo. Baadaye ndiye aliyetuuliza sasa itakuwaje.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: mchungaji aende kuomba radhi kwa mjomba na kwa imamu. Alikataa kwanza. Alisema hawezi kuomba radhi kwa kuhubiri Injili, na katika hilo nilimwelewa. Yule mama mzee wa kanisa ndiye aliyelikata fundo. “Pasta, huombi radhi kwa kuhubiri. Unaomba radhi kwa kumpiga picha mgonjwa.” Akamkumbusha Marko 1:44, ambapo Yesu, akiisha kumtakasa mwenye ukoma, anamkataza vikali asimwambie mtu, ila aende kwanza akajionyeshe kwa kuhani. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mkoma yule, na karibu yote yalikimbilia kwenye furaha yake ya kutangaza. Aya inayofuata inasema kwamba kwa sababu ya kutangaza kule Yesu hakuweza tena kuingia mjini waziwazi.

Mchungaji akaenda. Walikaa na imamu kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na kahawa ikaletwa mara mbili.

Uamuzi wa tatu ulihusu tiba. Kenya ilianza kutoa methadoni, dawa anayopewa mtumiaji badala ya heroini, Disemba 2014 katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, Malindi ikafuata 2015, na siku hizi Mombasa pia inapatikana upande wa Kisauni. Kanisani ulizuka ubishi: hii si kuacha unga kwa kushika unga mwingine? Sista akaeleza kwa subira ya mtu aliyefanya kazi wodini miaka thelathini. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, hilo halifichwi. Lakini hunywewa, haidungwi. Hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo arosto haimwamshi mtu usiku. Ikipimwa sawasawa haimpandishi wala haimwangushi, na kwa kawaida hutolewa mbele ya mhudumu kila siku, si ya kubeba mfukoni. “Mnaomeza vidonge vya presha kila asubuhi,” alisema, “nani kati yenu amewahi kuitwa mtumwa wa vidonge?” Ubishi haukuisha siku ile, ila ulipungua sauti.

Kipande cha Fundi, yaani kitambulisho chake, kilikuwa kimepotea tangu zamani. Kukipata tena ili aanze tiba kulimaanisha polisi, chifu, na karatasi ambazo mama yake alikuwa amezihifadhi chini ya godoro. Bila mama tusingepata hata moja.

Kila siku inamaanisha kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu akikosa siku tatu mfululizo humlazimu kupimwa upya, na kwa kawaida kipimo hushushwa, kwa sababu mwili umeshapoteza uzoefu. Tulipiga hesabu ya nauli ya kuvuka daraja la Nyali kwenda na kurudi, tukaona kwamba pesa tuliyotumia kwa miezi miwili ya rihabu ingemsafirisha mwaka mzima na zaidi. Hesabu hiyo iliwanyamazisha wengi kuliko aya yoyote. Mwishowe, baada ya wiki za mwanzo, hatukulipa nauli. Kaka yake alisema atampeleka mwenyewe na tuktuk alfajiri kabla ya kuanza kazi.

Nilifuatana nao mara kadhaa. Ukivuka daraja unapita Kengeleni, pale penye mnara wa kengele wa Freretown, makazi ambayo wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliyaanzisha 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Tunajivunia historia hiyo, na ni haki yetu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa kituo kile kile alilaumiwa kwa kuwachapa viboko wale wale waliokombolewa. Nilikuwa nikiliwaza hilo ndani ya tuktuk. Anayemkomboa mtu huwa na kishawishi cha kudhani amemnunua.

Ramadhani

Jambo hili nililiwekea sehemu yake kwa sababu sijaona kanisa linalolizungumzia.

Mwaka wa kwanza wa huduma tulipeleka uji saa mbili asubuhi katikati ya Ramadhani. Hakuna aliyetutukana. Watu wa mtaa walifunga madirisha tu, na hatukuelewa mpaka mzee wa mtaa alipotueleza. Mwaka wa pili tulihamia baada ya magharibi, tukaongeza tende, na mama watatu wa jirani wakaanza kuleta kaimati na viazi karai bila kuulizwa.

Fundi alikuwa na miezi mitatu tu ya dawa Ramadhani hiyo ilipoingia, akataka kufunga. Kliniki hutoa dawa mchana. Kunywa dawa ni kufungua. Akaanza kuzungumza juu ya kuiacha kwa mwezi mmoja, na Sista akajua hilo laweza kumuua. Sisi tungesema nini? Maneno yetu kwake juu ya saumu yasingekuwa na uzito, wala hayakustahili kuwa nao. Nikamwomba mchungaji ampigie imamu. Imamu akaja nyumbani kwa mama yake, akamweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa ndani ya Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Baqarah. Mchungaji alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka ule ule, amenyamaza. Katika miaka yangu yote ya kanisa sijawahi kumwona akifanya huduma nzuri kuliko kule kunyamaza.

Matokeo

Ninapoandika, Fundi ana miezi kumi na minne ya methadoni. Ameteleza mara mbili, na mara moja alikosa siku nne, ikabidi aanzie chini. Analala kwa mama yake. Chini ya mwavuli karibu na kibanda cha zamani cha mjomba anatengeneza feni, chaja na redio, na mjomba humletea wateja bila kumwambia kwamba ni yeye aliyewaleta. Jumamosi huja kugawa uji. Anaswali msikitini. Hakubatizwa.

Kwa baadhi ya waumini sentensi hiyo ya mwisho ndiyo matokeo yote, na familia mbili zilihamia kanisa jingine. Sitawacheka. Walitoa pesa zao kwa moyo safi.

Kutoka maskani ile ile, wengine watano walifika kliniki, na watatu wanaendelea. Wawili tuliowajua kwa majina wamekufa katika kipindi hiki, mmoja wao ni yule mzee wa arosto. Jamaa zake walimzika kabla ya adhuhuri, na timu yetu yote ilisimama nyuma.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kile ambacho hakikuonekana kama huduma: kufika kila Jumamosi, saa ile ile, kwa zaidi ya miaka miwili. Watu wa maskani wameahidiwa mengi na wageni wa siku moja. Ule usiku aliyepiga kelele kwamba apelekwe hospitali hakuwa amehudhuria semina. Alikuwa amesimama karibu na Sista kwenye foleni.

Kuondoa mahubiri kabla ya chakula pia kulifaa, lakini tulijidanganya kuhusu ukubwa wa badiliko hilo. Tuliutoa mkataba kwenye uji tukauhamishia kwenye rihabu. Bakuli lilikuwa bure, ila miezi miwili ilikuwa na bei, na bei ikadaiwa hadharani. Imamu alituuliza kama tunalisha au tunabatiza, tukajibu kwa ulimi jambo moja, na mimbari ikajibu jingine. Mimi siamini kwamba Mkristo afiche imani yake. Fundi anajua ninachokiamini, tumekizungumza sana, na yeye ameniambia anachokiamini. Mazungumzo hayo yaliwezekana baada ya deni kufutwa.

Kuhusu ushuhuda wenyewe, naona tulifanya kama mwenye shamba anayechuma embe likiwa bichi kwa sababu mnunuzi amesimama mlangoni. Kanisa lilihitaji hadithi ili harambee ijayo ifane, nasi tukamchuma. Ridhaa ya mtu wa wiki ya saba, asiye na pa kulala isipokuwa tulipompa sisi, si ridhaa. Sasa tuna kanuni mbili: simu hazitolewi mfukoni kwenye huduma, na hakuna anayesimama mbele ya kanisa kusimulia unga kabla ya mwaka mmoja, tena akiomba mwenyewe. Hiyo ya pili imepunguza sadaka. Mweka hazina alinionyesha.

Kosa lililokaribia kumuua si la kiroho. Baada ya wiki tisa bila unga mwili ulikuwa umesahau, na kipimo cha zamani kikawa sumu. Sista alilijua hilo, na mimi nililisikia kwake. Hatukumwambia yeye, kwa sababu kumwambia kungemaanisha kukubali kwamba anaweza kurudi, nasi tulikuwa tumeshaimba. Anayempokea mtu kutoka rihabu au jela amwambie jambo hili siku ya kwanza, kwa lugha nyoofu, na awaambie pia wenzake, kwamba asiwe peke yake, kwamba pumzi zikichelewa hospitali ndiyo dawa.

Familia tuliifikia tukiwa tumechelewa. Tulikuwa tumezoea kuwaona watu hawa kama wasio na mtu, kumbe mama yake Fundi alikuwa akituma mahamri mawili maskani kila asubuhi kupitia kwa mtoto wa jirani, kwa miaka minane. Flaski yetu ilikuja baadaye sana.

Na wanawake hatujawafikia kabisa. Wapo wanaotumia, baadhi wakiwa na watoto wadogo, lakini hawasimami kwenye foleni ya wanaume hamsini, na wengi saa mbili asubuhi ndipo wanapolala. Tulilijua hilo mwaka mzima tukaliandika kwenye kumbukumbu za mikutano. Mwezi uliopita Sista na yule mama mzee walianza kukaa Jumatano alasiri kwenye chumba cha jirani, wana chai, sabuni na pedi, bila bango mlangoni. Wiki ya kwanza walikuja watatu. Ya pili hakuja hata mmoja. Ya tatu alikuja mmoja, akabaki amesimama kizingitini, kitoto mgongoni, akauliza kama ndani kuna mtu atakayempiga picha.